Lubumbashi: nyumba inapakwa rangi Jumamosi, inauzwa Jumatatu

Mjini Lubumbashi, nyumba inayotaka kuuzwa hujulikana kwa rangi. Miaka mingi ukuta ulikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye madirisha. Ghafula unakuwa mweupe, mlango unapata bluu, na yale maneno makubwa yaliyoandikwa mbele ya parseli, "Nyumba hii haiuzwi", yanafunikwa. Majirani wanaelewa hata kabla komisioneri hajafika na mteja wa kwanza.

Kupaka rangi si kosa. Shida ni kwamba kwa wengi rangi ndiyo kazi ya kwanza na ya mwisho. Bati linalovuja linabaki juu, msumari uliooza unabaki mahali pake, maji yanaendelea kulala chini ya ukuta, na feza kidogo iliyokuwepo inaishia kwenye ndoo mbili za rangi. Mwenye nyumba anafikiri amepandisha bei. Kwa kweli ametupa feza yake, na tena amemwekea mwenzake mtego, mtu ambaye atalaza watoto wake chini ya ukuta ule mvua zitakaporudi.

Na mteja wa siku hizi si mjinga. Katuba, Kenya, Kampemba, wengi hawaji tena peke yao. Wanakuja na fundi muashi, mjomba au rafiki wa kanisani, na fundi huyo haangalii rangi hata kidogo. Anainua macho kwenye plafoni kutafuta doa la kahawia. Anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Akisikia mlio wa utupu, anajua krepi, ile simenti inayofunika matofali, imekwisha kuachana na ukuta. Kisha anainama pale ukuta na ardhi vinapokutana. Rangi ikiwa mpya sana sehemu ya chini tu, ndipo anapotoa kisu kidogo na kukwaruza. Anarudi kwa mnunuzi na kumwambia kwa sauti ya chini: "Yaya, hii nyumba iko na maji ndani ya ukuta." Toka dakika ile, bei iliyotajwa haina maana tena.

Kwa hiyo kazi ya kutengeneza nyumba kabla ya kuiuza inapaswa kuanzia kwenye maji. Lubumbashi iko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1 200 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake karibu yote inaanguka kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa nne. Baada ya hapo ni miezi mingi bila tone. Majira haya makavu yanaficha makosa yote ya paa, na wauzaji wajanja wanalijua hilo: wanapenda kuonyesha nyumba mwezi wa sita, jua likiwaka, plafoni ikiwa imepakwa chokaa. Lakini majira hayohayo makavu ndiyo Mungu aliyopatia fundi. Ukuta ulionyonya maji unahitaji majuma mengi ya jua na upepo ili ukauke kabla ya kuguswa na simenti. Anayengoja mwezi wa kumi, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika upande wa Kipushi, amechelewa.

Juu ya paa, mara nyingi bati lenyewe bado ni zima. Linalokufa kwanza ni msumari. Mchana bati linapanuka kwa jua, usiku wa mwezi wa sita na wa saba linajikunja kwa baridi, na kila siku linavuta msumari kidogo, mpaka tundu linakuwa pana kuliko msumari. Maji yanapita hapo. Watu wengi wanapanda na kuweka jiwe, au gurudumu la zamani la gari, ili bati lisiruke na upepo. Jiwe halizibi tundu, na uzito wake unapinda mbao. Fundi wa kweli anang'oa misumari iliyolegea, anaweka mingine yenye kofia na raba chini yake, na anaipigilia juu ya mgongo wa wimbi la bati, si bondeni ambako maji yanapita. Bati lililotoboka kwa kutu linabadilishwa. Moja au mawili, si paa zima. Ni kazi ya siku moja au mbili. Haionekani kutoka barabarani, na labda ndiyo sababu watu hawaipendi.

Kwa nyumba za zamani, zile za wakati wa Wabelgiji zilizoezekwa kwa vipande vya kijivu vya simenti iliyochanganywa na amianti, hadhari ni nyingine. Vipande hivyo visisuguliwe kwa burashi ya chuma, wala kukatwa kwa msumeno ili vipendeze machoni mwa mteja. Vumbi lake likiingia mapafuni linaleta magonjwa yanayojitokeza baada ya miaka mingi, pamoja na kansa. Vikiwa vizima, viachwe. Vikiwa vimevunjika, mnunuzi aambiwe.

Chini ya paa kuna ukuta, na chini ya ukuta kuna mahali ambapo nyumba nyingi za Lubumbashi zinafia. Maji yanayoshuka kutoka bati bila mfereji yanaanguka kwa nguvu, yanachimba ardhi, yanarusha matope ukutani. Ikiwa ni tofali la kuchoma, linastahimili miaka. Ikiwa ni tofali bichi lililofunikwa kwa krepi nyembamba, krepi inapasuka kwanza, kisha tofali linarudi kuwa udongo kama lilivyokuwa. Kwa nje unaona ukuta mzima. Kwa ndani sehemu ya chini imekuwa laini kama mkate. Huko ndiko rangi inakopakwa kwa bidii zaidi. Lakini rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye maji inafunga njia ya maji kutoka. Baada ya mvua za kwanza inafanya malengelenge, inajiambua, na unga mweupe wa chumvi unatokea. Mnunuzi anaona hayo mwezi wa pili baada ya kulipa.

Dawa yake haina siri. Kuchimba mfereji mdogo kuzunguka nyumba na kuupa mteremko kuelekea nje ya parseli, bila kumwagia jirani. Kuondoa udongo uliorundikana juu ya msingi kwa sababu ya miaka ya kufagia na kutupa taka palepale. Kubomoa krepi iliyooza, kuacha ukuta upumue, kubadilisha matofali yaliyokufa, kupiga krepi mpya. Na baada ya hapo tu, rangi. Kazi kubwa ya mfereji inaweza kufanywa na vijana wa nyumbani wenye chepe na toroka.

Kuna mdudu mmoja ambaye kila mkaaji wa mji huu anamjua. Matofali ya Lubumbashi, mengi yao, yametoka kwenye vichuguu: udongo wa mchwa ni mzuri, unashikana, unachomwa vizuri. Ni kama mchwa wanajua kwamba nyumba ilikuwa yao, kwa maana wanarudi. Wanapita ndani ya ukuta kwa vijia vyao vya udongo, wanakula fremu ya mlango, mbao za paa, plafoni ya tripleksi. Muuzaji anafagia vile vijia asubuhi kabla ya mteja kufika. Kufagia hakuwaui. Mbao ipigwe kwa bisibisi: ikiingia bila nguvu, mbao hiyo imekwisha, hata kama kwa nje inang'aa kwa vanishi. Mbao mbili au tatu za paa zikibadilishwa kabla ya kuuza, na mpya zikapakwa dawa ya mchwa, mnunuzi hawezi kutumia neno "mchwa" kukata bei ya nyumba nzima.

Juu ya nyufa, watu wanaogopa zisizo na hatari na wanaziba zenye hatari. Ufa mwembamba kama unywele ndani ya krepi mara nyingi ni simenti iliyokauka haraka. Ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata viungo vya matofali kutoka pembe ya dirisha hadi kwenye paa, huo unasema kwamba msingi unatembea. Mafundi wana njia ya zamani ya kuujua: wanapaka donge dogo la plasta au simenti kukatiza ufa na wanaandika tarehe juu yake. Baada ya miezi michache, donge likiwa zima, ufa umelala. Likiwa limekatika, ukuta bado unakwenda. Mwenye nyumba anayefikiri kuuza mwakani afanye hivyo leo. Donge zima lenye tarehe ni ushahidi mzuri kuliko maneno yote ya komisioneri. Na likikatika, ni afadhali yeye alijue kwanza.

Mambo mengine yanakwenda haraka. Soketi yenye weusi wa moto isifunikwe kwa rangi. Waya ulioyeyuka nyuma yake ndio unaochoma nyumba siku umeme unaporudi kwa nguvu. Waya uliopelekwa kwa jirani ukatwe au uandikishwe. Bili za mwisho za SNEL na za Regideso zitolewe zikiwa zimelipwa, kwa maana deni la zamani linadaiwa mlangoni, na aliyekuta nyumba ndiye anayefunguliwa mlango. Kisima kikiwa ndani ya parseli, wenye ujuzi wa maji wanashauri angalau mita 30 kati yake na shimo la choo. Parseli nyingi za mji hazina mita hizo kutoka pembe hadi pembe. Basi mnunuzi aambiwe wazi kwamba maji yale ni ya kufua na kumwagia, si ya kunywa, hasa katika mji ambao unaijua kolera.

Hapo ndipo wengi wanauliza: nani ana feza ya kutengeneza nyumba anayoiacha? Swali ni la haki. Watu wengi hawauzi kwa furaha. Wanauza sababu mtoto anaumwa, sababu ya masomo, sababu kazi ya mgodi imepatikana Kolwezi na familia inahama. Lakini tufanye hesabu ya mfano. Tuseme nyumba inatajwa dola 15 000. Mnunuzi akiona doa kubwa kwenye plafoni, hatapunguza bei ya bati mbili na misumari. Yeye haoni bati mbili. Anaona paa zima, mbao zote, na usiku wa mvua akikusanya masufuria. Atapunguza dola 1 000, labda zaidi, na hofu yake ndiyo inayopiga hesabu. Fundi angezibua jambo lile kwa sehemu ndogo ya feza hiyo. Muuzaji aliyenyimwa dola 1 000 kwa ajili ya misumari hakuokoa kitu.

Komisioneri hatamwambia hivyo. Komisioneri anaishi kwa haraka: anapata feza ya kutembeza wateja na sehemu yake siku mkataba unapotiwa sahihi, na nyumba inayongoja fundi ni nyumba isiyomletea chakula. Ndiye anayesema: "Papa, paka tu rangi, watu wanaangalia usafi." Si mtu mbaya. Ila yeye hatalala katika nyumba hiyo, wala hataitwa mbele ya hakimu.

Na hakimu yupo. Sheria ya Kongo juu ya mikataba, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo bado inatumika, inamdai muuzaji ajibu juu ya kasoro zilizofichika zinazofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona kwa macho yake ni juu yake mwenyewe. Lakini iliyofichwa, mnunuzi akienda mbele ya sheria bila kukawia, anaweza kurudisha nyumba na kudai feza yake, au kubaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei. Na ikithibitika kwamba muuzaji alijua, analipa pia hasara iliyotokea. Yule aliyepaka rangi juu ya ufa juma moja kabla ya kuuza atapata shida kusema hakujua. Wachache wanafika mahakamani, ni kweli, kwa sababu kesi inakula feza kuliko nyumba. Lakini wengi wanafika kwa chifu wa mtaa, kwa pasta, kwa kamati ya familia, na uadui unabaki kati ya watu ambao pengine wanakaa avenyu moja.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, si komisioneri wala feza. Ni nyumba za urithi. Baba alijenga, alikuwa akipanda juu ya paa kila mwaka kabla ya mvua, akiwa na kopo la lami na nyundo. Baba amekufa. Watoto sita: mmoja Likasi, mmoja Kinshasa, wawili Kolwezi, mmoja amebaki ndani ya nyumba na mama, mmoja hajulikani yuko wapi. Anayekaa ndani anasema hawezi kutengeneza nyumba ya wote kwa mfuko wake. Walio mbali wanasema hawawezi kutuma feza kwa nyumba ambayo mwenzao anakaa bure. Vyumba viwili vya nyuma vimepangishwa, kodi inaliwa kila mwezi, na hakuna hata mwezi mmoja ambao sehemu yake ilikwenda kwenye msumari. Miaka inapita hivyo. Siku wanapokubaliana kuuza, wanauza udongo na mabati yenye kutu, na kila mmoja anapata kidogo, na kila mmoja anamlaumu mwenzake kwamba ameiba.

Familia kama hizi zingefanya jambo moja tu, nyumba isingefika hapo: kutenga kodi ya mwezi mmoja katika mwaka kwa ajili ya nyumba, kabla ya kugawana, na kuandika katika daftari kile kilichofanywa. Daftari hilo lina thamani siku ya kuuza. Mnunuzi anayeona kwamba mwaka ule misumari ilibadilishwa, mwaka huu mfereji ulichimbwa, anaelewa kwamba nyumba ilikuwa na mwenyewe.

Wapangaji wenyewe wasisahauliwe. Wengi wanatengewa kimya: mwenye nyumba akisha kuamua kuuza, hatengenezi tena kitu, mlango wa choo unaanguka, yeye anaendelea kukusanya kodi. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu, na garanti hiyo ni mali ya mpangaji. Mara nyingi imekwisha kuliwa zamani. Muuzaji asiyeirudisha anamwachia mnunuzi ugomvi ndani ya uwanja, na mpangaji aliyekasirika ndiye atakayemwonyesha mteja kila ufa, na ana haki.

Juu ya karatasi, yamesemwa mengi. Toka sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni ya taifa, na haki ya mtu juu yake inashuhudiwa na cheti cha kuandikishwa, ambacho wote wanakiita sertifika. Nyumba nyingi za komuni za zamani hazina. Zina livret de logeur ya babu au karatasi ya parseli tu. Kuzitengeneza karatasi ni safari ndefu na inahitaji makala yake. Lakini hata hapa kuna kazi ya mikono: kutafuta mawe ya mipaka, kukata majani yaliyoyafunika, kuyaonyesha majirani wa pande zote mbele ya mtu wa kartie. Na karatasi zenyewe zitolewe chini ya kitanda, kwenye lile sanduku la mbao, kabla mchwa hawajazisoma.

Kasoro ambazo feza haitoshi kuziondoa, zisemwe. Msingi unaotembea, parseli inayojaa maji kila mwezi wa kwanza, barabara inayogeuka mto: mnunuzi aambiwe, na bei ifuate. Atanunua kwa bei ndogo, lakini atanunua akijua, na ataweza kujenga mahali panapofaa.

Jambo moja linasahauliwa karibu na wote, na ndilo linaloweza kuua. Parseli iliyokaliwa miaka 40 ina mashimo ya choo ya zamani, mawili, matatu, yaliyojazwa takataka na kufunikwa udongo, na juu yake leo kuna bustani ya lengalenga au kichanja cha vyombo. Mnunuzi akija kujenga annexe, fundi wake ataweka ukuta juu ya shimo bila kujua, au mtoto atazama siku ya mvua kubwa. Hakuna karatasi inayoonyesha mashimo hayo. Baba aliyeyachimba hayupo. Mara nyingi anayekumbuka ni mama mmoja mzee, shangazi aliyekaa katika nyumba ile akiwa msichana, anayeweza kusimama uwanjani na kuonyesha kwa fimbo: hapa, na hapa, na pale nyuma ya mwembe. Aitwe akiwa bado mjini, vijiti vichomekwe mahali alipoonyesha, na mnunuzi atembezwe kwenye kila kijiti kabla ya feza kuhesabiwa.